Baba Alivyokuwa Akilikoholea Friji

Enzi zetu friji halikukaa jikoni. Jikoni palikuwa mahali pa moshi na masizi, na mtu aliyebahatika kuwa na friji asingelificha huko wakati majirani wanapita barazani. Friji lilikaa sebuleni, ubavuni mwa makochi, limevishwa kitambaa kichwani, na juu ya kitambaa maua ya plastiki. Mgeni akiingia alilisalimu kwa macho kabla hajamwamkia mwenye nyumba. Nyinyi mliokulia kota za mgodini, kule Shinyanga upande wa Songwa, mnanielewa. Wajukuu zangu nikiwasimulia wanashika mbavu, wanauliza kama na choo tulikiweka sebuleni.

Hilo la kwetu Baba alilinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao, miaka ya sabini ikielekea ukingoni. Lilikuwa na mlango mmoja mzito wenye mkono wa chuma, na ukilifunga linatoa mlio kama mlango wa lori. Ndani, juu kabisa, palikuwa na kisanduku cha barafu. Chini ya kisanduku zilipangwa rafu za waya, na chini kabisa droo ya mboga. Siku za joto, tukitoka kucheza rede vumbi limetujaa mpaka kwenye kope, Mama alitukwangulia barafu kwa kijiko, kila mmoja kipande chake kiganjani. Ilikuwa inanuka samaki kidogo, maana nusu ya kota walihifadhi sato wao kwetu. Tulilamba hivyo hivyo. Sijawahi kula aiskrimu iliyoifikia ile barafu ya harufu ya samaki, na aiskrimu nimekula.

Baba alikuwa na neno lake moja: "Friji si dirisha. Usilifungue kutazama." Sisi tulilifungua akiwa kazini. Tulitaka kujua kama ile taa ya ndani huwa inazima mlango ukifungwa, tukawa tunaufunga polepole, jicho moja kwenye upenyo, pua imebanwa. Hatukupata jibu. Mambo ya friji lile mengi hayakupata jibu kwa muda mrefu, na hili ninalotaka kulisimulia ndilo lililotuchanganya kuliko yote.

Lilianza Bibi alipoletwa kutoka kijijini kwake Samuye. Huyu alikuwa mama mzazi wa Mama, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Alikuwa amepatikana na ugonjwa wa sukari. Hospitali ya misheni ilimpa dawa ya kuchoma sindano, vichupa vidogo vya kioo vyenye kizibo cha mpira, na mwuguzi akamweleza Mama kwa kumkazia macho: "Isipate joto, itaharibika. Na isigande, ikiganda ni ya kutupa. Ikae kwenye ubaridi wa kawaida." Samuye nzima wakati huo ubaridi wa kawaida ulipatikana ndani ya mtungi tu, na mwuguzi hakuuamini mtungi. Mwenye friji katika ukoo alikuwa Mama peke yake. Kwa hiyo Bibi akaja kukaa kwetu, kwa mkwe wake.

Hapo vijana wa leo wananitolea macho, hawaoni tatizo. Kwetu Usukumani, mama mkwe na mkwe wake wa kiume waliheshimiana kwa kukwepana. Hawakuangaliana usoni, hawakula pamoja, hawakupeana mkono. Wakikutana njiani, mmoja aliacha njia. Nguo za mama mkwe, kitanda chake, chombo chake, mkwe hakuvitazama, seuze dawa ya kuchomwa mwilini. Bibi kulala chini ya paa la Baba ilikuwa ni shida tupu iliyomleta. Alipewa chumba cha uani, tukalala naye mimi na mdogo wangu, na Baba akirudi kutoka mgodini alianza kukohoa tangu getini, koh! koh!, ili mkwewe apate nafasi ya kupita uani kabla hajaingia. Bibi naye akitaka kutoka alimwuliza Mama kwanza, "Mwenyewe yuko wapi?" Nyumba ilikuwa na vyumba vinne na watu wawili wasiotakiwa kuonana. Nilidhani wamegombana. Nilimwuliza Mama ni nani kamkosea mwenzake, akanipiga kikofi cha mgongo, akasema, "Wanapendana hao."

Sasa fikirieni. Dawa ya Bibi iko ndani ya friji. Friji liko sebuleni. Na Baba, jambo la kwanza akirudi kutoka kazini, hulifungua akatoa chupa yake ya maji iliyokaa rafu ya juu, chini kidogo ya barafu. Mama aliliona hilo kabla halijatokea, akalitafutia dawa. Alikuwa na kitambaa kizito cha amerikani alichokidarizi kwa mkono wake, ndege wawili wanaangaliana na maneno chini yao, "Mgeni njoo mwenyeji apone." Alikuwa amekishona mahususi kwa ajili ya ujio wa mama yake. Akakitandika rafu ya juu, ukuta hadi ukuta, kikaning'inia mbele mpaka karibu na droo. Chini yake akatanguliza karatasi ya nailoni, ili maji ya barafu yakidondoka yasipenye mpaka kwenye dawa. Chupa ya Baba ikakaa juu ya ndege, na dawa ya Bibi ikawa nyuma ya pazia. Majirani walikuja kulitazama. Friji lenye pazia! Mama alitembea wiki hiyo shingo imenyooka.

Halafu vitu vikaanza kuharibika. Mchicha ulilala. Maziwa tuliyoyaweka yakiwa mabichi tuliyakuta yameganda, tukayala na ugali wa mtama bila kulalamika, maana maziwa mgando nani anayakataa. Lakini nyanya nazo zikaota ukungu, na Mama alipoingiza mkono kuchukua dawa ya asubuhi, alikuta kichupa kina uvuguvugu kama yai lililotoka kutagwa. Juu, barafu ilikuwa imejaa tele, ngumu kama jiwe.

"Baba Kabula, friji limeharibika," Mama alisema.

Baba akafungua, akatoa chupa yake, akanywa. "Limeharibika vipi, wakati haya maji yananiuma meno?"

"Chini ni joto."

"Chini kwako."

Hakutazama chini. Angetazamaje? Chini kulikuwa na mkwewe. Basi wakawa watu wawili, friji moja, na kila mmoja anasema kweli na kumwona mwenzake mwongo. Mimi nilikuwa nazunguka kati yao kichwa kinaniuma. Baba, ili yaishe, akazungusha kile kitufe cha baridi mpaka mwisho wake. Chupa yake ikaganda ikapasuka, vioo vikatapakaa juu ya ndege wa Mama, na chini joto likabaki palepale.

Akaitwa Fundi Saidi, mtu wa Tanga, mpole, aliyetengeneza kila kitu chenye waya pale kota. Sasa niwaulize, ni mwanamke gani angekubali fundi mgeni akute friji limejaa vitu, tena vya mama yake mgonjwa? Mama alitoa kila kitu. Alitoa pazia, akatoa nailoni, akatoa dawa akaiweka uani ndani ya ndoo ya maji, akalifuta friji kwa maji ya sabuni, na sabuni enzi hizo ilikuwa ya kupanga foleni. Fundi Saidi akakuta friji jeupe, tupu, linanukia. Akaweka sikio kwenye mota kama daktari. Akabana karatasi mlangoni kuona kama mpira unashika. Akasema mota nzima, gesi ipo, mpira mzuri, acheni liwake mpaka jioni. Jioni ikawa baridi juu na chini. Alikunywa chai kwa heshima zote, Baba akamsindikiza mpaka njiani.

Mama akarudisha vitu vyake, na pazia lake limepigwa pasi. Kesho yake, joto.

Fundi akaja tena. Mama akatoa vitu tena, akafuta tena, friji likapona tena. Akaondoka, likaugua. Safari iliyofuata hakutaka hata chai. "Mzee," alimwambia Baba, "friji hili lina aibu. Likiniona tu, linakuwa zima. Mimi nitengeneze nini?" Baba alibaki anakuna kisogo. Alikuwa mtu wa mitambo, siku nzima alishinda na mashine kubwa kuliko nyumba yetu, na kisanduku cha barafu kimemshinda.

Yote hayo yangekuwa ya kuchekesha kama si Bibi. Bibi alikuwa anakauka. Alikunywa maji kata kwa kata, akatoka uani, akarudi akanywa tena. Sauti ya kuitia ng'ombe ikawa sauti ya kuombea radhi. Alianza kunipapasa uso ili ajue ni mimi au ni mdogo wangu. Mama alimpeleka zahanati, mwuguzi akauliza, "Dawa mnaihifadhi wapi?" Mama akajibu, "Kwenye friji." Mwuguzi akasema, "Vizuri, endeleeni hivyo hivyo." Nami nilikuwepo.

Jirani yetu Mama Shija, ambaye sato wake walikaa kwenye barafu yetu miaka yote, ndiye aliyeunganisha mambo, akayaunganisha vibaya. Alikuja akakaa kwenye kigoda pale jikoni, sauti ameishusha.

"Shoga, mimi sisemi kitu. Lakini friji lenu lilikuwa zima mpaka bibi alipokuja. Na linapona vitu vyake vikitoka. Wewe mwenyewe umeona. Na macho yale, shoga."

Macho ya Bibi yalikuwa mekundu. Yalikuwa mekundu kwa sababu amepikia mabua ya pamba na kinyesi cha ng'ombe tangu alipokuwa msichana, ndani ya nyumba isiyo na dirisha, kama wanawake wote wa umri wake. Hili silisemi kwa kicheko. Sisi tuliokua huko tunajua neno kama lile lilikuwa linafanya nini likishatoka mdomoni. Kulikuwa na vikongwe walioitwa wachawi, wakakatwa mapanga kwa macho mekundu na ng'ombe wa jirani aliyekufa. Mama alisimama, mwiko mkononi. Kilichonitisha ni kwamba aliyoyasema Mama Shija tulikuwa tumeyaona kweli. Vitu vya Bibi vikitoka, friji linapona. Nilimpenda Bibi, na usiku huo nililala nimempa mgongo. Nilikuwa nimechanganyikiwa, na nilikuwa naogopa.

Bibi alikuwa nyuma ya ukuta wa jikoni. Alisikia yote. Asubuhi alimwita Mama akasema kwa utulivu, "Ng'wanawane, mwanangu, nifungie mzigo wangu. Nirudi kwangu Samuye. Siwezi kuvunja nyumba yako kwa ajili ya sanduku la barafu." Mama akalia, akasema huko hakuna pa kuweka dawa, atakufa. Bibi akasema, "Nitakufa nikiitwa kwa jina langu."

Jumamosi lori la kwenda huko lilikuwa linapita kota kuchukua watu. Mzigo wa Bibi ulikuwa umefungwa kwa kitenge, uko mlangoni. Bibi mwenyewe alisimama uani, nyuma ya pazia la mlango. Baba alikuwa amekaa kochini, hakwenda kazini. Mama akaenda kwenye friji kutoa dawa, na machozi yanamtiririka mpaka anashindwa kushika mkono wa mlango.

"Acha," Baba alisema.

"Lori linakuja, Baba Kabula."

"Nimesema acha. Usitoe kitu chochote." Akasimama. "Kila mara tunalitazama likiwa tupu. Hatujawahi kulitazama likiwa linaumwa."

"Lina vitu vya mama."

Baba akaniita. Nikasimama kwenye ujia, kati ya sebule na uani, kama mlingoti. "Kabula, mwambie bibi yako namwomba radhi. Nataka kupeleka mkono pale ilipo dawa yake."

Bibi alikuwa hatua chache, alisikia kila neno. Lakini ilibidi nigeuke, nirudie yote. Honi ya lori ikalia mbali.

"Mwambie baba yako," Bibi akasema, "ugonjwa hauna mkwe. Apeleke."

Nikageuka, nikarudia.

Baba akafungua mlango wa friji, akageuza uso ukutani na kufumba macho pia, kama mtu anayemvalisha nguo mgonjwa. Mkono mmoja akauweka juu, pembeni ya chupa yake. Mwingine akaupitisha chini ya pazia, polepole, akitafuta njia kati ya sufuria na nyanya, mpaka nikamwona ameshika kitu kidogo. Akatulia hapo. Mkono juu, mkono chini, macho yamefumbwa.

"Mama Kabula," alisema. "Juu Ulaya. Chini Shinyanga."

"Ndiyo ninayokuambia kila siku!"

"Kati yake kuna nini?"

Mama alitazama kitambaa chake, ukuta hadi ukuta, na nailoni yake chini. Barafu iko juu, na baridi yake ilikuwa inashuka, inakutana na ndege wawili, inaishia hapo. Akapiga magoti pale pale sakafuni. "Mungu wangu," akasema. "Nimeiwekea baridi pazia. Nimemfichia mama dawa, nikamfichia na baridi." Akakivuta kitambaa kwa nguvu, nyanya zikabiringika mpaka chini ya makochi.

Lori lilipiga honi getini, likasubiri, likaondoka. Bibi alikaa juu ya mzigo wake uani. Kufikia jioni Mama alipopeleka mkono, palikuwa baridi mpaka kwenye droo, na vitu vyote vilikuwa ndani, na dawa ya Bibi ilikuwa ndani, na Bibi mwenyewe alikuwa nyumbani. Akaenda moja kwa moja kumwita Mama Shija. Hakumtukana. Alitandika kitambaa tena mbele yake na kumwacha akae mpaka chai ikaisha, kisha akamwambia, "Peleka mkono juu. Sasa chini." Mama Shija akapeleka. Akasema, "Kumbe." Kisha akasema, "Lakini mimi sikusema kitu, shoga." Na mpaka leo sijui kama aliamini mkono wake au alinyamaza tu kwa haya.

Mama alikwenda misheni kuchukua dawa nyingine, maana zile zilikuwa zimekufa. Bibi akarudi taratibu, kwanza macho, kisha sauti, na siku alipopaza sauti kunitukana kwa kumaliza karanga zake nilijua amepona. Alikaa nasi miaka. Kitambaa hakikurudi tena ndani ya friji. Dawa ikakaa wazi, mahali ambapo mkwe angeiona.

Ila hakuiona. Tangu siku ile Baba akitaka maji alisimama mbele ya friji, akakohoa, koh! koh!, akasubiri kidogo, kama vile pale ndani kuna mtu anayetakiwa kujisitiri. Kisha akageuza uso pembeni, akafungua, akapapasa rafu ya juu mpaka akapata chupa yake. Siku moja alipapasa vibaya akanywa mafuta ya kupikia, na hakugeuka kutazama. Bibi alikuwa uani, alisikia kila kikohozi. Ndugu zangu, sijawahi kusikia mtu akimwambia mtu kwamba anampenda kwa namna ya wazi kuliko ile. Bibi alipofariki tulimzika Samuye, tukarudi kota, na Baba akasimama mbele ya friji lisilo na dawa ya mtu, akakohoa.

Leo ninaishi Kahama. Friji langu lina milango miwili, linakaa jikoni, halitengenezi barafu ya kukwangua, na wajukuu wanalifungua na kusimama mbele yake kama wanatazama televisheni. Friji limekuwa dirisha, Baba. Ugonjwa wa Bibi nimeurithi, na dawa yangu inakaa humo, wazi, karibu na soda. Juzi mkwe wangu Deo, mume wa binti yangu, kijana mzuri anayenipa mkono na kula nami meza moja, alilifungua akatafuta maji. Nikamsikia anapaza sauti kutoka jikoni, "Mama! Dawa yako inakaribia kuisha. Nikuletee nyingine jioni?"

Uso ulinichemka kwa aibu. Na hapo hapo moyo wangu ukafurahi, maana hakuna aliyewahi kumwuliza Bibi hivyo kutoka sebuleni. Sikujua nishike lipi. Enzi zetu tulifichiana mpaka tukakaribia kuuana, na enzi hizi hawafichi kitu, na mimi katikati ya ujia, kama zamani, sijui nimgeukie nani.

"Niletee, mwanangu," nilimjibu. Lakini alipofunga mlango wa friji na kuondoka, nilijikongoja nikaenda jikoni kuchukua sindano yangu. Nikasimama mbele ya friji. Hakukuwa na mtu. Nikakohoa.